Dina wa Shelui na Lulu Zisizoshikika

Dina Kitundu alikuwa anauza vitu viwili hapa Shelui. Cha kwanza kila mtu alikijua, na kama umewahi kupita kwa basi barabara ya Singida kwenda Nzega, huenda umekila: kuku wa kienyeji wa kuchoma, amekatwa vipande, amelala kwenye sinia, mayai ya kuchemsha na pilipili pembeni. Cha pili hakuna aliyewahi kukila, kukishika wala kukinusa, na wateja wake walikuwa Brazil, Uturuki na kwingine ambako basi la Shelui halifiki. Alikuwa anauza lulu za kwenye gemu.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu, jirani na pale mabasi yanaposimama. Kabla ya kibanda nilikuwa chuoni nasomea kompyuta, mpaka stashahada ilipofika nusu ikachoka, nami nikachoka nayo. Ndiyo maana Dina haniiti jina nililobatizwa. Ananiita Nusu. "Nusu, njoo unishikie sinia." "Nusu, simu inasema imejaa. Imejaa nini wakati mimi mwenyewe sijala?" Ni mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, kwa hiyo mimi namwita da Dina, na maneno yake nayameza bila maji.

Kilichonifanya nianze kumchunguza ni simu. Muuza kuku wa hapa huwa na kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe kilichofungwa raba mgongoni ili betri isidondoke. Dina alikuwa nacho, kiunoni. Lakini kwenye mfuko wa aproni alikuwa na simu janja kubwa, mpya kuliko simu zote nilizowahi kuzipasua matumbo. Nikawaza yale ambayo kijana wa kijiweni huwaza: kuna mwanaume, kuna dereva wa lori, kuna mganga. Siku moja akaniletea, mafuta ya kuku yameingia kwenye tundu la chaji. Nikaiwasha. Kwenye kioo akatokea jimama limevaa chuma, limebeba nyundo kubwa kama mlango wa ghala, na juu ya kichwa chake pameandikwa Sekenke.

"Da Dina, huyu nani?"

"Mimi."

"Sekenke?"

"Malori yote yanauogopa mlima Sekenke. Nikasema na huko waogope. Safisha tundu, acha maswali."

Tundu nililisafisha. Maswali sikuacha, na kwa sababu kila siku mabasi yanachelewa, majibu nikayapata kidogo kidogo.

Gemu linaitwa Raskora. Watu maelfu kwa maelfu wanaingia humo kwa wakati mmoja kutoka dunia nzima, kila mmoja na mtu wake wa kuchorwa. Wanapigana na mazimwi, wanajenga nyumba, wanapasua mawe. Ukipasua mawe sana unapata lulu, na kwa lulu unanunua upanga, farasi, bati la nyumba yako. Wenye gemu wamekataza kabisa lulu kuuzwa kwa hela ya kweli. Unajua kitu kikikatazwa kinavyofanya: kinaota miguu. Kuna tajiri asiye na subira, hataki kupasua mawe. Kuna watu wasiojulikana wana lulu ghalani. Katikati panatakiwa mdomo. Kazi ya mdomo ni kusimama kwenye lango la mji wa gemu, pale wanapopita wote, na kutangaza: lulu bei poa, zinafika upesi, bonyeza linki hii. Unatangaza na kutangaza mpaka watu wakuchukie. Walinzi wa gemu wakikukamata wanamfuta mtu wako, unapewa mwingine mwenye jina kama paka amekanyaga kibodi, unaendelea.

Dina alikuwa mdomo.

Kazi aliletewa na Gervas, mtoto wa mjomba wake, aliyehamia Mwanza na kurudi na miwani isiyo na namba. Gervas naye alikuwa na bosi, na huyo bosi hakuwahi kumwona uso. Alimjua kwa picha ya simba kwenye kundi la kuchati. Simu kubwa ilikuwa ya Gervas. Hilo lishike, maana ndilo lililomkaba Dina baadaye: simu, chaji na bando vyote vilikuwa vya kazi. Cha Dina kilikuwa kitochi.

"Mwanza vijana wamejaa," nilimwambia. "Kwa nini akupe wewe?"

"Gervas kakulia hapa. Anajua anayeweza kukimbizana na basi anaweza kuuza popote."

Sasa nikueleze stendi yetu, kwa sababu bila stendi humwelewi Dina. Basi likisimama, wauzaji wote wanalivamia, makelele mpaka mtoto wa ndani anaamka. Lakini ukishaligusa dirisha kwa kiganja, dirisha lile ni lako. Mwenzako anaweza kuwa na kuku mnono kuliko wako, atasubiri. Na ukishaligusa, huanzi na kuku. Unaanza na mtu: poleni na safari, mmeamkaje, huko mlikotoka wazima? Akiwa mzee ni shikamoo, na unangoja marahaba hata kama dereva amekwisha kukanyaga mafuta. Klara, mwenzake Dina wa sinia, aliwahi kukimbia sambamba na basi mpaka nje ya mji kwa sababu mzee mmoja alichelewa kuitikia. Akaitikiwa. Kuku hakuuza. Tulimcheka mpaka tukachoka, lakini hakuna aliyesema Klara alikosea.

Dina alihamisha stendi yote akaipeleka kwenye gemu. Midomo wengine walibandika tangazo lilelile kama kipaza sauti cha muuza dawa ya panya. Yeye aliangalia nani yuko langoni, akamwandikia mmoja mmoja kwa siri, na Kiingereza chake cha kidato cha nne. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: "Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Kazi inakwendaje? Mimi nina lulu." Hebu fikiria jamaa wa Uturuki yuko chumbani kwake anachinja zimwi, mara mtu aitwaye Xkqzz anamuuliza kama nyumbani hawajambo. Wengi walimtukana. Wengine, ajabu, walijibu. Mmoja alieleza mama yake ana presha. Dina akampa pole, akamwambia mama apunguze chumvi, akasahau kumuuzia.

Gervas alipiga simu kulalamika. Dina akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, kwa hiyo nilisikia yote.

"Dada, punguza salamu. Bosi anasema unapoteza muda."

"Mwambie bosi wako shikamoo."

"Dada, niko siriasi."

"Na mimi niko siriasi. Midomo yenu ya Mwanza inafungiwa kila kukicha. Yangu imefungiwa mingapi?"

Gervas akakohoa, akahamia kwenye hali ya hewa. Ukweli ni kwamba mashine ya ulinzi inatafuta maneno yanayojirudia, na salamu za Dina hazikujirudia: asubuhi zilikuwa za asubuhi, Jumapili aliuliza habari za kanisani, Ijumaa aliuliza za msikitini. Mashine ikaona mtu. Dina mwenyewe hakulijua hilo, wala hakutaka kulijua. Yeye alikuwa anasalimia tu.

Lakini yule Sekenke mwenye nyundo hakuwa wa kazi. Gervas alimwagiza atengeneze mtu mmoja wa kujifunzia gemu, kisha amtupe. Hakumtupa. Kati ya basi na basi wenzake walisukana nywele au walilala wameegemea ndoo; Dina alipasua mawe. Lulu za Sekenke hakuuza hata moja. Alijengea nyumba, akaweka banda la kuku, ingawa kwenye Raskora kuku hawana kazi yoyote.

Siku moja, akiwa Sekenke, alimsalimia mtu langoni kama kawaida yake. Huyo mtu akamjibu yote, moja moja, nyumbani wazima, kazi ipo, magoti tu ndiyo mabovu. Jina lake lilikuwa Lola Tinapa. Kwa Kifilipino lola ni bibi, na tinapa ni samaki wa kukausha kwa moshi. Alikuwa bibi kweli, mwenye wajukuu, na samaki aliwauza kweli, sokoni kwao Ufilipino. Akifunga biashara yake jioni, kwetu ni mchana na mabasi ya kutoka Mwanza ndiyo yanaingia. Wauza moshi wawili wakakutana. Mchana mzima waliandikiana habari za kuni: zipi zinaunguza haraka, zipi zinaacha uchungu kwenye nyama. Dina alipojua mwenzake ana umri wa mama yake, alikosa raha mpaka akamfundisha: mimi nasema shikamoo, wewe unasema marahaba.

Lola akalifundisha kundi lake lote. Kundi liliitwa Meza Ndefu. Lilikuwa na jumba moja, meza moja isiyo na mwisho, na ghala ambalo ufunguo wake hupewi mpaka uaminiwe. Dina alipewa. Nimeshuhudia kwa macho yangu, naapa: dereva wa lori wa Brazil anaingia jumbani amevaa mapembe, anaandika "shikamoo Lola", anakaa mezani. Huyo dereva aliitwa Caju, yaani korosho kwa Kireno, na Dina hakumwita vingine ila Korosho.

"Hawa nao umewauzia lulu?" nilimuuliza.

"Hawa siwauzii."

"Kwa nini?"

"Wewe unaweza kumuuzia mama yako kuku aliyekufa mwenyewe?"

"Kumbe unajua ni mzoga!"

Akapangusa kisu kwenye aproni polepole. "Nimetoa mfano, Nusu. Chuoni hawakufika kwenye mifano?"

Swali likanikaa kama mfupa wa samaki. Hizi lulu zinatoka wapi? Bosi simba hapasui mawe. Gervas hapasui mawe. Mtu anayeuza viazi ana shamba, au anamjua mwenye shamba, au ameiba. Nilimuuliza Dina, na nikaona kwamba swali lilikuwa limemkaa yeye kabla yangu.

Jibu lilikuja lenyewe, tena mezani. Korosho aliingia siku hiyo hana mapembe, hana farasi, amevaa kaptula wanayopewa wageni wa gemu. Alisimulia kwa aibu. Alitaka lulu chache za haraka; akabonyeza linki ya tangazo la langoni; linki ikamwomba neno lake la siri, akaliandika. Wenye linki wakaingia kwa neno lile lile, wakafagia kila kitu. Na kwa kuwa alikuwa na ufunguo, wakafagia na nusu ya ghala la Meza Ndefu. Lulu wanazouziwa watu langoni ni za waliobonyeza jana, na wanaobonyeza leo ndio watakaouzwa kesho.

Lola aliandika sentensi moja: atakayeonekana anauza kwa niaba ya wezi hawa, au anawatangazia biashara, ataondoka mezani na hatarudi.

Dina alisoma, akampigia Gervas hapohapo, sinia limeanza kuvutia nzi.

"Gervas, lulu zenu mnazitoa wapi?"

"Dada! Unauza mayai ya kuchemsha miaka yote, umewahi kumuuliza kuku ameyatoa wapi?"

"Kuku wangu nawajua wote, na jogoo wao namjua."

"Wewe piga mdomo, mengine waachie wenyewe."

"Kuna dereva kaibiwa."

"Yuko wapi? Brazil? Utamwona lini? Dada, huyo ni katuni."

Simu ikakatika. Dina alikaa juu ya ndoo. Nilimwona anachanganua, na niliweza kuchanganua naye, kwa sababu hesabu ilikuwa fupi na mbaya. Akiendelea na kazi, anamwibia Lola huku anakula mezani kwake. Akiacha kazi, simu inarudi Mwanza, na kitochi hakifungui Raskora. Huku anapoteza meza, na kule anapoteza meza.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nini? Basi hilo linaingia."

Kwa siku kadhaa hakuamua. Aliendelea kutangaza, lakini kwa uvivu, kama mtu anayeuza kuku wa jirani. Alichagua watu ambao majina yao yalionekana ya kijinga, akiamini hawatabonyeza. Mchana mmoja nilikuwa karibu yake, nasubiri anipe kipapatio alichoniahidi, nikiangalia kidole chake kinavyoshuka kwenye majina ya waliosimama langoni. Alikuwa amevaa mtu wa kazi, Xkqzz, siyo Sekenke. Kidole kikashuka, salamu, tangazo. Kikashuka, salamu, tangazo. Kisha likaja jina la Lola Tinapa.

Angeweza kulipita. Xkqzz ni Xkqzz, nani angejua? Mjinga yeyote wa Mwanza angelipita, au angebandika tangazo tu, na bibi angelifuta kama anavyofukuza nzi. Lakini Dina amelelewa hapa Iramba na mama mwenye mkono mwepesi. Umri wake wote hajawahi kumpita mkubwa kimya. Kidole kilikwenda peke yake, akili ikifuata nyuma inapiga kelele.

Shikamoo Lola.

Akabonyeza. Ikaenda.

"Da Dina," nikasema. "Umevaa nguo gani?"

Aliangalia juu ya kichwa cha mtu wake. Sijawahi kuona rangi ya mtu mweusi ikikimbia vile.

Kule Ufilipino, naye bibi alikuwa ameshazoea. Jibu lilikuja upesi: Marahaba.  Halafu neno moja tena, jina ambalo watu wa mezani tu ndio walimwita: Seke?

Dina aliilaza simu kifudifudi chini ya sinia, kama unavyofunika kitu ili mtoto asikione. Kipapatio changu sikukiulizia.

Kesho yake mchana aliingia kama Sekenke. Hakuniita, ila hakunifukuza, nikasoma juu ya bega lake. Lola alikuwa mezani peke yake. Dina akaandika shikamoo. Marahaba ikaja, imechelewa.

"Niliitikia kabla sijaelewa," Lola aliandika. "Usiku sikulala. Ni wewe uliyemuuzia Caju?"

"Sijui. Wiki ile nilikuwa langoni. Yawezekana ni mimi."

"Ungenipita jana nisingejua milele. Kwa nini ulinisalimia?"

Hapo Dina aliduwaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Akaandika: "Ulikuwa umesimama."

Ilichukua muda. Bibi aliandika akafuta, akaandika akafuta. Vidoti vilikuwa vinacheza kwenye kioo. Nikamnong'oneza Dina amwombe msamaha. Akanisukuma kwa kiwiko. "Kwanza akasirike," alisema. "Usimkate mtu hasira yake."

"Acha ile kazi," Lola aliandika mwishowe, "au acha meza."

"Simu ni ya kazi. Nikiacha kazi, simu inaondoka, na meza inaondoka nayo."

Vidoti vikacheza tena.

"Mrudishie mwanaume simu yake. Kiti hakikai kwenye simu. Lakini ufunguo nauchukua leo. Na Caju utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

Pale pale, pembeni ya jina la Sekenke, alama ya ufunguo ikazimika. Dina aliitazama ile nafasi tupu, akashusha pumzi, akanigeukia kana kwamba ni swali la kawaida tu. "Nusu, lile kompyuta lako la chuoni bado linapumua?"

Linapumua, nikamwambia, ila kwa mashine. Betri ilikufa, kwa hiyo haliwezi kuishi bila waya ukutani. Kioo kina ufa kutoka kona hadi kona. Ukiliwasha linaunguruma kama mashine ya kusaga. Ndilo pekee nililotoka nalo chuoni.

"Litanitosha," akasema.

Dina alimpigia Gervas akamweleza habari za Lola na za simu. Gervas alikuja kuichukua mwenyewe, anapita kwenda Dar es Salaam na basi la mchana. Hakushuka. Alifungua kioo akiwa amekaa, miwani usoni, akanyoosha mkono nje kama anayedai chenji. Klara alikuwa anakaribia dirisha lile na sinia lake. Dina akaliwahi kwa kiganja.

"Samahani Klara, hili langu. Gervas, habari za safari? Mjomba hajambo?"

"Mjomba mzima. Dada, unajua unachofanya?"

"Narudisha simu."

"Unaacha mkate wako kwa ajili ya kibibi cha kwenye kioo?"

"Na bosi wako yuko wapi? Si yuko kwenye kioo hicho hicho? Tena yule ni simba, wangu angalau ni mtu."

Mama mmoja wa kiti cha nyuma akacheka kwa sauti. Gervas akakunja uso.

"Dada, hujui gharama ya—"

"Chukua." Simu ikapita dirishani, imepanguswa mpaka inang'aa. Nyuma yake likapita paja la kuku kwenye karatasi. "Na hili ule njiani, shangazi yako asije akasema nimekufukuza na njaa."

"Silihitaji."

"Sikukuuliza."

Dereva akapiga honi. Gervas alibaki ameshika simu mkono mmoja na paja mkono wa pili, hana mkono wa kufungia kioo. Basi likaondoka kuelekea mlimani. Kwa mara ya kwanza nilimwona Dina amesimama katikati ya stendi bila kukimbilia dirisha lingine.

"Haya, Nusu. Washa mashine ya kusaga."

Tulipakua Raskora kwa bando langu, na ilichukua muda mrefu kiasi kwamba aliuza sinia zima na kurudi. Ili imtambue, gemu lilituma namba kwenye laini yake ya simu, ile ya kitochi, na Dina akaisoma kwa sauti kama anataja namba ya ushindi.   Xkqzz, yule mtu wa kazi aliyetumika kwenye simu ile ile, alikuwa ameshafungiwa. Hatukujua kama walinzi wamemfuata na Sekenke. Kioo kikawa cheusi. Kikawa cheusi zaidi. Halafu, nyuma ya ufa, jimama likatokea na nyundo yake, limesimama nyumbani kwake katikati ya kuku wasio na kazi.

Jumba la Meza Ndefu lilimfungulia mlango. Ghala halikumfungulia. Kwenye majina ya kundi alikuwa wa chini kabisa, chini hata ya mtoto wa Poland aliyejiunga juzi. Pembeni pameandikwa mgeni. Mezani alikuwepo Lola, alikuwepo Korosho na kaptula yake.

"Shikamoo Lola," Dina akaandika kwa kidole kimoja. "Korosho, umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Lola akaitikia. Korosho akasema wazima.

Dina aliniomba nitoke nje. Kwenye kibanda changu mwenyewe! Nikatoka. Nilikaa na Klara tukamenya mayai, na kila nilipogeuza shingo nilimwona Dina ameinama, anatafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Aliponiita, Korosho alikuwa ameshaondoka mezani bila kujibu neno.

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amekwenda."

"Lola je?"

"Lola amesema nisimfuate leo."

Hakumfuata. Alichofanya kila mtu angekiona cha kipumbavu, na mimi nilimwambia hivyo. Kila mchana, mabasi yakipungua, alikuja kibandani, akanilipa umeme kwa mayai, akampeleka Sekenke kwenye machimbo ya gemu kupasua mawe. Kupasua kwa mkono, lulu moja moja, kazi ambayo matajiri hununua lulu ili waikwepe. Kila alichopata alikipeleka mlangoni pa nyumba ya Korosho, akakiacha kizingitini, kwa sababu ufunguo wa ghala hakuwa nao. Kwanza vilikaa pale pale. Baadaye vikawa vinaondoka. Halafu mchana mmoja tulipoingia machimboni tulimkuta mtu wa kaptula amefika mapema, amesimama kando ya jiwe, anasubiri.

"Umeamkaje?" Korosho aliandika. Kisha, kwa herufi alizozipatapata: "Nyumbani hawajambo?"

 Dina alichukua ncha ya aproni, akapangusa kioo cha kompyuta yangu, kioo ambacho sijawahi kukipangusa tangu chuoni. Akajibu yote. Mama hajambo, kuku hawajambo, jua ni kali. Wakaanza kupiga jiwe, yeye upande huu na dereva upande ule.

Honi ikalia nje. Basi la Mwanza. Dina akasimama, sinia mkononi, akanisogezea kiti kwa goti.

"Nusu, shika nyundo."

"Mimi? Nina simu tatu za watu hapa."

"Shika nyundo, nisije nikaonekana nimelala."

Nikashika. Napasua jiwe la uongo na dereva wa Brazil, sijui hata jina lake la kweli, na nikagundua kwamba nataka kumuuliza mambo mengi: lori lake ni la aina gani, na huko kwao kuna mlima kama Sekenke? Hapo kwenye kona ya kioo likajitokeza tangazo kutoka kwa mtu anayeitwa Wwvqj: lulu bei poa, zinafika upesi, bonyeza hapa. Dina alikuwa amefika mlangoni. Aligeuka, akalisoma kutoka pale aliposimama, akatikisa kichwa.

"Muone," akasema. "Hata salamu hana."

Akakimbilia dirisha.